Sauti Kichwani mwa Mwanangu

"Mama, huyu mutoto iko na kichwa kikubwa kama baba yake tu," daktari alisema huku akicheka, na hapo uvumilivu wangu ukaisha. Nilikamata chombo chake cha kusikilizia moyo, nikakibandika kwenye utosi wa mwanangu. "Usinichekee, muganga! Sikiliza!"

Utosi ulinukia mawese niliyompaka asubuhi.

Kwetu Kizuka, nilipokuwa msichana, nyumba nzima ilinukia hivyo. Mama alimpaka mdogo wangu mawese kichwani, vidole vikiteleza juu ya mishipa minene ya paji la uso. Nilipenda kulaza sikio pale, kwenye ngozi ya moto. Ndani kulivuma vuu, vuu, vuu, sawasawa na mapigo ya moyo.

"Mama, kichwa chake kinavuma."

"Nyamaza, we! Watu watasema nini?"

Nikanyamaza. Mawese yakabaki kwenye chupa, mtoto wa kupakwa hayupo.

Daktari alisikiliza, kicheko kikamkauka. Picha ya kichwa iliyopigwa Bujumbura ilionyesha mishipa iliyoungana vibaya, damu ikipita kwa nguvu mno. Madaktari wataiziba kwa mrija mwembamba utakaopitishwa kutoka pajani. Tunasubiri kuitwa kwa matibabu hayo, na kichwa kinazidi kukua.

Kwa mkuu wa hospitali nimeandika hivi: "Nilirudishwa nyumbani kila mara na dawa ya malaria. Sitaki pole. Mtoto mwingine akija na kichwa kama hiki, kisikilizwe kabla mama yake hajapiga kelele."