Ng'ombe wa Baba Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja mjini Machakos, mwanangu, bado mimi bibi arusi mpya, nimesimama na kikombe cha chai mkononi, na baba mkwe amekikataa tena. Alikuwa ametoka hospitali baada ya kupasuliwa mguu, akaja kukaa nasi kwenye chumba chetu cha kupanga badala ya kurudi kwake Kithimani. Daktari alisema anywe maji mengi. Mzee naye, mume wangu akishatoka tu kwenda kazini Athi River, hanywi hata tone mpaka jioni. Midomo ikampasuka, macho yakaingia ndani. Mimi nikajiambia, basi, mzee hanitaki. Na akifia mikononi mwangu, nitawaambia watu nini?

Nikamwendea jirani yetu Bi Zuhura, mama mmoja wa Kiislamu aliyekuwa akifua nguo mferejini uani, nikamlilia.

"Hakatai chai yako," akaniambia. "Anaogopa itakapotaka kutoka. Kutembea peke yake hawezi, na wewe ni mke wa mwanawe. Atakuambiaje?"

"Basi nimuulize kama anataka kukojoa?"

"Astaghfirullah! Utamuua mzee wa watu kwa aibu!"

Akapangusa mikono, akaja mpaka mlangoni kwetu. "Shikamoo, baba. Huko kwenu saa hizi si ndiyo saa ya kutazama ng'ombe? Mtoto wako akushike mkono, mkawatazame kule nyuma."

Ng'ombe gani, jamani? Ploti nzima haikuwa hata na kuku. Kule nyuma kulikuwa na choo tu. Mzee alimtazama, akanitazama mimi, akachukua bakora yake.

"Ni kweli," akasema. "Wamekaa sana bila mtu."

Nikamfikisha mlangoni pa choo, nikasogea mbali nikageuza uso. Na Bi Zuhura, weh, yule mama! Akafungua mfereji wote, maji yakapiga ndoo kelele, huku akiniuliza kwa sauti bei ya nyanya, na bei tuliijua sote wawili. Mpaka leo sijaona heshima kama ile.

Tuliporudi ndani mzee akaketi, akakohoa kidogo. "Mwiitu, hiyo chai bado iko?"

Mwiitu ni binti kwa Kikamba chetu, na hakuwa amewahi kuniita hivyo. Akanywa vikombe viwili. Nilijificha nyuma ya pazia, nikalia kwa furaha.

Mwanangu, haja ndogo, haja kubwa, kujisaidia, kwenda msalani: usiyacheke maneno haya ukadhani ni woga wa wazee tu. Mwili haumngoji mtu, ila neno jema linaweza kumsitiri. Ukiwa na mgonjwa nyumbani, usikae ukingoja akuombe. Mtangulie wewe, kwa neno ambalo ataweza kulijibu bila kuinamisha uso. Mungu akupe mikono ya upole, mwanangu, na utakapozeeka akupe mtu wa kukushika mkono bila kukuaibisha. Amina.