Fundo Lisilo na Sarafu

"Mama, hiyo kamba unaifuatia nini hivyo? Si sarafu zako umepata zote?"

Dalali aliniuliza hivyo akiwa amesimama na kikombe cha chai, mimi nikiwa na mtoto mgongoni. Wiki nzima nilikuwa nikija ofisini kwake na kuongea polepole, kama mtu aliyelelewa vyema. Siku hiyo nilichukua bahasha aliyokuwa amenitilia sarafu zangu, nikaimwaga juu ya meza yake. Nyingine ziliviringika hadi chini ya kabati.

"Haya, Mzee, baki nazo," nikamwambia. "Mimi nipe kamba."

Aliniangalia kama anayemwona mtu aliyerukwa na akili. Hakujua alichokuwa amekata, na mimi nilikuwa nimechoka kumweleza.

Kamba yenyewe ni ukanda mwembamba wa ngozi ya mbuzi. Ni ya nyanya yangu wa Soy, ambaye sisi humwita Cucu. Aliianza alipokuwa ameolewa juzi juzi, akipalilia mahindi kwenye shamba la mzungu upande wa Moiben. Mtoto akizaliwa kwetu, Cucu hupitisha ndururu moja, zile senti za zamani zenye tundu katikati, halafu anafunga fundo. Mtoto asipokaa duniani, Cucu hufunga fundo peke yake, bila sarafu. Sijawahi kusikia nyumba nyingine inayofanya hivyo. Karibu na mwisho wa ukanda kulikuwa na fundo moja tupu, na hilo ni la mtoto wangu wa kwanza. Baada yake inakuja sarafu ya huyu niliyembeba.

Macho ya Cucu yalipoanza kufifia alinipa mimi niutunze. Basi redio ikatangaza kwamba sarafu za daktari mmoja marehemu, aliyeishi Eldoret miaka mingi, zitauzwa kwa mnada katika hoteli kubwa, na watu wa ng'ambo watanunua kwa simu. Ati mwananchi mwenye senti za zamani alete, mtaalamu kutoka Nairobi azitazame bure. Nikapeleka. Sikutaka kuuza. Nilitaka tu kujua Cucu alianza na sarafu ya mwaka gani, kwa sababu mwenyewe hakumbuki.

Mtaalamu alikuwa mtu muungwana, amevaa glavu nyeupe. Aliushika ukanda wangu kwa viganja viwili. Akaomba uachwe mpaka siku ya mnada, uwekwe kwenye meza ya kioo pale mlangoni, watu waone sarafu ziliishi vipi mikononi mwa wenyeji. Nikakubali. Nilijisikia vizuri, siwezi kudanganya. Nikamwachia dalali wa mnada huo, maana ndiye aliyekuwa na stoo.

Sasa huyu dalali ni mtu wa kuuza mali iliyoshikwa: pikapu, viti vya sebuleni, ng'ombe wa watu walioshindwa na mikopo. Kazi yake anaijua, na kabla ya kuuza kitu lazima akioshe. Hata ng'ombe huoshwa. Lakini sarafu za daktari hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa, zilikuja na sanduku lao na walinzi wao. Akakosa cha kuosha, akaosha zangu. Vijana wake walikata ukanda ili wazifikie vizuri, wakazisugua kwa waya wa kusugulia sufuria mpaka zikang'aa kama vifuniko vya soda. Ukanda ukaenda na takataka.

Mimi hayo sikuyajua mpaka baada ya mnada, nilipoenda kuuchukua ukanda nikapewa sarafu kwenye bahasha. Siku ya mnada nilikaa kwenye kibanda changu cha nguo za mitumba za watoto nikiufuata kwa simu, maana hotelini huingii bila kadi ya mwaliko. Sarafu moja ya dhahabu, ndogo kama kifungo cha koti, iliuzwa kwa bei ya shamba lenye mto. Jirani yangu wa kibandani akachungulia simu, akasema, "Hiyo ikianguka kwa choo si mtu atairukia humo humo?" Tukacheka. Kisha mtaalamu akaulizwa kwa nini ni ghali hivyo, na dhahabu yenyewe ni kidogo. Alijibu kwamba watu hawanunui dhahabu. Wananunua habari yake: ilishikwa na nani, ikatoka wapi, ikalala wapi. Sarafu isiyo na habari, alisema, ni chuma tu.

Maneno hayo nimeyarudia kichwani mara nyingi tangu hapo. Katika mnada mmoja, siku moja, habari za sarafu za daktari zilikuwa zimefungiwa sandukuni pamoja na walinzi, na habari za sarafu zetu ziko kwa pipa. Wala hakuna aliyekusudia ubaya. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Nilienda Soy kumwambia Cucu. Aliendelea kuchambua maharagwe kwa vidole.

"Leta ngozi nyingine," akasema. "Nitafunga upya, ndururu bado ninazo. Watoto wote nawajua."

"Na fundo la wangu wa kwanza, Cucu?"

"Lile nililifunga nikilia. Mimi siwezi kulilia tena kwa sababu ya dalali. Hilo la pili litakuwa fundo tu." Akanigeukia na yale macho yasiyoona vizuri. "Wewe ndiye umesoma. Andika."

Nikaandika, na nikapeleka mwenyewe kwenye ofisi inayowasimamia madalali. Karani alisoma, akaniuliza kama sitaki kuongeza kiasi cha fidia. Nikamwambia apige muhuri hivyo hivyo. Niliandika:

"Ninalalamika kuhusu ukanda wa ngozi, si kuhusu sarafu. Sarafu nilirudishiwa, ingawa zimeharibiwa kwa kusuguliwa. Ukanda ulikuwa na fundo moja lisilo na sarafu. Fundo hilo ni la binti yangu wa kwanza, aliyefariki kabla hatujapata cheti wala kumpiga picha. Hakuna kitu kingine duniani kinachoonyesha kwamba alizaliwa. Sitaki pesa. Nataka dalali aandike kwa mkono wake na kutia sahihi kwamba alipokea ukanda wenye fundo la mtoto huyo, kwamba fundo lilikuwepo, na kwamba yeye ndiye aliyelitupa."