Jukwaa Langu Lilikuwa Linatoroka Kila Jumapili

Jumatatu moja asubuhi nilikuta rangi ya bluu kwenye jukwaa la nyumba yangu.

Siyo doa. Michirizi mibichi kabisa, imetiririka kwenye mabomba mpaka kwenye mbao wanazokanyaga mafundi.

Tatizo ni kwamba nyumba yangu ilikuwa bado inapigwa plasta. Rangi tulikuwa hatujanunua. Hata kuichagua tulikuwa hatujaichagua.

Sasa bluu imetoka wapi?

Ngoja nianze na chanzo cha ugomvi, maana bila ugomvi ule haya yote yasingetokea.

Mimi ni fundi cherehani. Mimi na dada yangu tuliachiwa kiwanja na wazazi, tukaamua kujenga nyumba moja ya ghorofa. Chini pake, juu pangu. Msingi tuligawana sawa. Ngazi sawa. Paa sawa. Watu walituonea wivu jinsi tulivyoelewana.

Tukafika kwenye plasta ya nje, fundi mkuu akasema tukodi jukwaa.

Dada akauliza, "Jukwaa la nini? Ukuta wangu fundi anaufikia akiwa amesimama chini. Anayepandiwa ni wewe. Lipia wewe."

Nikamwambia, "Na msingi je? Msingi umebeba ukuta wako. Mimi niko hewani huku. Mbona nililipa?"

"Msingi ni msingi."

"Na jukwaa ni jukwaa!"

Tukanuniana palepale, mbele ya mafundi, watu wazima na akili zetu.

Nikalipa mwenyewe. Niliweka fungu la jukwaa la wiki kadhaa, kwa makadirio ya fundi, na baada ya hapo fungu la madirisha. Jukwaa likizidisha muda, linaanza kula madirisha. Bila madirisha sihamii. Na nilikokuwa napanga, mwenye nyumba alishaniambia anataka chumba chake.

Jumamosi ndiyo siku yangu ya wateja, kila mtu anataka nguo yake leo leo. Kwa hiyo pesa ya kukodi nilikuwa nampa mume wangu, anampelekea mwenye jukwaa. Hilo alikuwa analifanya vizuri, siwezi kumsingizia.

Basi nikamwita fundi mkuu. Tunamwita Pimamaji, kwa sababu hata akikaa kwenye benchi lazima kwanza aangalie kama limenyooka.

"Fundi, hii bluu ni ya nani?"

Akaitazama, akakuna kidevu. "Mimi sijui, mama."

"Jukwaa linalala hapa na wewe hujui?"

"Mimi Jumapili sipo. Nikija Jumatatu nalikuta limefungwa vibaya, bomba linacheza, mbao zimelegea. Asubuhi yote tunafunga upya." Kisha akaongeza, akiwa ameangalia pembeni, "Mama, nyinyi wenyewe ndio mnaonichelewesha."

Mimi tena!

Nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Mtu anakula wiki zako, halafu anakuambia wewe ndiye unayemchelewesha. Nikajua huyu ananiona boya.

Jioni nikamsimulia mume wangu. Akaacha kula.

"Huyo Pimamaji anakupiga pesa," akasema. "Na hawezi kuthubutu peke yake. Kuna mtu wa ndani."

"Nani?"

Akashusha sauti, kama mtu asiyependa kusema. "Nani alikataa kulichangia? Fikiria mwenyewe."

Nikafikiria. Usiku huo sikulala vizuri.

Dada yangu ana mkono wa birika, hilo halina ubishi. Lakini kuniibia? Mbona tulilala kitanda kimoja mpaka alipoolewa?

Mume wangu akaendelea taratibu, siku baada ya siku, sauti ya upole. Mara, "Mimi sitaki kukugombanisha na ndugu yako." Mara, "Ila yule ukimchekea atakupanda kichwani." Mwisho akaja na wazo. "Uza ghorofa yako. Yuko mtu anaitaka hivyo hivyo ilivyo. Tutafute kiwanja chetu wawili, tuachane na haya maneno."

Nisiseme uongo, nilianza kukubali. Nilikuwa nimechoka kumshuku dada yangu. Nilisema bora niuze, kila mtu abaki na lake.

Lakini kuna tabia moja ninayo. Sipokei kitambaa cha mtu bila kukiwekea alama. Wateja wawili waliwahi kugombania kitambaa kimoja dukani kwangu, nikakoma.

Jumatatu iliyofuata nikaenda saiti na mabaki ya kitambaa chekundu. Nikafunga vipande vidogo kwenye mabomba, chini, mahali ambapo mtu haangalii. Pimamaji akaniuliza kama ni dawa. Nikamwambia ndiyo, ni dawa ya wezi.

Jumapili mume wangu akatoka kwenda kuangalia mpira na wenzake. Mimi nikasema naenda kumpima bibi harusi.

Bibi harusi gani! Nikaenda saiti.

Ukuta ulikuwa mtupu. Hakuna bomba, hakuna ubao. Nyumba imesimama kama mtu aliyevuliwa shati barabarani.

Mlinzi wa saiti akaruka kutoka kwenye kiti.

"Jukwaa liko wapi?"

"Limeenda kuoshwa, mama."

"Kuoshwa?"

"Lilikuwa na rangi."

Nikamwangalia. Akaangalia ndala zake.

"Nani amelichukua?"

"Mama, mimi ni mlinzi tu. Wamekuja watu wa nyumbani. Watu wa nyumbani nitawazuiaje?"

Watu wa nyumbani. Nyumba ina wenyewe wawili, mimi na dada. Mimi sikulichukua. Hesabu hiyo haihitaji kalamu.

Nikaanza kuzunguka mitaa ya jirani. Niliwaza kwamba jukwaa si sindano, na nyumba inayopakwa bluu haijifichi. Nilitembea huku nampa dada yangu vidonge vyake kimoyomoyo, maneno mazito, mengine siwezi kuyaandika hapa.

Mtaa wa tatu, nikaiona. Nyumba ndefu ya kupangisha, nusu kijivu, nusu bluu. Mbele yake jukwaa. Nikainama kama naokota kitu. Vitambaa vyangu vyekundu vilikuwa palepale.

Juu kulikuwa na mpaka rangi, anapiga mluzi.

"Habari ya kazi!"

"Nzuri, mama. Jihadhari, rangi inadondoka."

Nikajikaza, nikatabasamu. "Jukwaa zuri. Na mimi natafuta la kukodi. Huyu mama mwenye nalo anapatikana wapi?"

"Mama? Hili si la mama. Ni la jamaa mmoja. Anatupa kila Jumapili, bei poa, jioni tunamrudishia."

Nikatulia. Kumbe Pimamaji.

"Jamaa mwenyewe ni fundi?"

"Hapana, anasema ana ghorofa yake anajenga hapo mbele. Ngoja nimpigie, muongee wenyewe."

Akashuka, akafuta mikono, akapiga simu akaiweka sauti ya nje kwa sababu vidole vilikuwa na rangi.

"Bosi, kuna mama hapa anataka jukwaa."

Simu ikasema, "Mwambie Jumapili ijayo lipo. Ila bei imepanda. Na alipe kabla."

Ile sauti huwa inaniamsha kila asubuhi.

Mpaka rangi akanigeukia. "Umesikia, mama?"

"Nimesikia."

Nikashika bomba la jukwaa langu. Nilipoangalia kiganja, kilikuwa cha bluu.

Sikurudi nyumbani. Miguu ilinipeleka kwa dada, mtu niliyetoka kumtukana njia nzima. Nilimkuta anakunja nguo. Aliponiona akakaza uso.

"Leo umepotea njia?"

"Dada, lile jukwaa linakodishwa Jumapili."

Nguo ikamtoka mkononi. "Linakodishwa na nani? Na nusu yangu imo humo humo?"

"Nusu yako ipi?"

"Si ile nusu ninayotoa."

"Unamtolea nani?"

Akanitazama kama naumwa. "Namtolea nani? Shemeji. Kila wiki."

Nikakaa juu ya nguo zake bila kuuliza.

Akanieleza, anaona aibu huku anaeleza. Kumbe siku ile ile tuliyogombana alifika nyumbani akaliwaza lile swali langu la msingi, akakosa jibu. Kuja kuniomba radhi akashindwa, namjua. Akampitishia mume wangu nusu ya gharama na kumwambia, "Mpe mdogo wangu, lakini usiseme imetoka kwangu. Atajifanya jeuri, ataikataa."

"Akakujibu nini?"

"Akasema, shemeji, una roho nzuri sana, niachie mimi." Dada akacheka bila furaha. "Akanivisha kilemba cha ukoka, nikakivaa. Kila nikitaka kuja kwako ananiambia bado hujatulia, nikuache kwanza. Eti unanitangaza kwa majirani kuwa mimi ni mchoyo."

"Mimi?"

"Ndivyo alivyosema."

Tukatazamana. Mimi nalipia jukwaa, dada analipia jukwaa, na wapaka rangi wanalipia jukwaa. Vyuma vile vile. Na mtu mmoja katikati anapokea, halafu anahakikisha sisi wawili hatuongei.

Nililia. Na yeye akalia, akanifuta uso kwa taulo aliyokuwa ameshaikunja.

Tukarudi kwangu pamoja. Mume wangu alipoingia bado jua halijazama vizuri. Akatukuta tumekaa, mimi na dada, kochi moja. Lile tabasamu lake likaisha mlangoni.

"Karibu, shemeji," akasema.

"Nimeshakaribia," dada akajibu.

Nikamuuliza, "Timu yako imeshinda?"

"Imeshinda, ndiyo."

"Na jukwaa?"

"Jukwaa si liko saiti?"

Nikamwonyesha kiganja. Akakitazama, akakaa chini mwenyewe.

"Nilikuwa nakusanya kwa ajili yetu," akasema. "Nilitaka nikushangaze."

"Umenishangaza."

"Wallahi tena. Ni kile kiwanja. Nimeshalipia kianzio. Ungeuza ile ghorofa tu, tungemalizia, tukaanza maisha bila maneno ya watu."

Nusura nimwonee huruma. Wallahi nusura. Mtu mliyekaa naye miaka, ukimwona ameinamisha kichwa, unakumbuka mazuri yake.

Dada ndiye aliyeuliza. Sauti ya chini tu.

"Shemeji, hicho kiwanja umeandikisha jina la nani?"

Mume wangu akaanza kuvua viatu.

"Shemeji?"

"Langu," akasema. "Kwa sasa."

Hapo ndipo mimi nilipoelewa mambo yote. Pesa ya Jumapili ilikuwa ndogo tu. Alichokuwa anakitaka ni niamini kwamba dada yangu ananiibia, niuze urithi wa wazazi wangu kwa hasira, na pesa ya mauzo iingie kwenye ardhi ambayo mimi simo.

Na nilikuwa nimebakiza kusema ndiyo.

Kesho yake nikaenda kumwomba radhi Pimamaji. Akashangaa. "Mama, mimi nilidhani mnajua. Siku moja nilisahau kifaa changu, nikaja Jumapili, nikamkuta mume wako anapakia mwenyewe. Nikasema, mali ya watu na mume wa mtu, mimi naingiaje?"

Tulimaliza plasta muda si mrefu, maana jukwaa lilipotulia na kazi ilitulia. Pesa ya madirisha dada alinikopesha. Nilihamia juu kabla rangi haijakauka. Ni ya njano. Bluu siwezi kuiangalia.

Mume wangu sikuhama naye. Alikuja na wazee wake kuomba turudiane. Walipomaliza kusema nikawajibu kwa heshima zote kwamba sina kinyongo, ila mwenzangu kiwanja anacho, akajenge.

Sasa nyinyi mnaojenga na ndugu zenu, sikieni kutoka kwangu. Mtaandika saruji, mtaandika nondo, mtaandika mchanga, lakini kile kitu kinachobaki kwenye mabano ya "tutaona mbele ya safari", jukwaa, maji, ulinzi, ndicho kitakachowagombanisha. Kaeni mkizungumze nyinyi wenyewe, mdomo kwa mdomo, hata kama mtapigiana kelele.

Na mkishanuniana, pesa mpelekeane kwa mikono yenu. Mimi na dada tulikuwa tunapendana muda wote ule. Tulichokosea ni kumpa mtu mwingine kazi ya kutuambia.