Sikio Moja Sokoni Mahoko

Nyirasafari ameuza maharagwe katika soko la Mahoko, Rwanda, miaka ishirini na miwili, tangu arudi kutoka Congo na mdomo wake usiochoka. Zamani wateja watatu walimsemesha kwa mpigo naye akamjibu kila mmoja, huku akipiga umbea na jirani yake wa meza, Mukandori. Kila sauti ilikuwa na upande wake. Aliichagua aitakayo, nyingine akaziacha zipite.

Mwaka jana aliugua, na sikio la kushoto likafa. Nyumbani, mtu mmoja akizungumza naye, anasikia vizuri tu, ndiyo maana hakuna aliyejua. Sokoni ndiko kwenye balaa. Sauti zote huingia kwa mlango mmoja, zikisukumana, naye hucheka pale wenzake wanapocheka. Alificha kwa sababu ya Nziza, mjukuu wake wa miaka minne anayeishi naye. Binti yake, Umuhire, mama wa mtoto huyo, anafanya kazi Kigali. Akijua mama yake hasikii, atamchukua mtoto wiki hiyo hiyo. Jambo hilo lilimtisha bibi huyu kuliko uziwi wenyewe.

Siku ya soko iliyopita, Nziza akicheza kando ya meza, aligeuka kumpimia mteja. Alipotazama tena, Nziza hayupo.

Kisha akamsikia. "Tate! Tate!" Ndivyo anavyomwita bibi yake. Mtoto alikuwa analia, lakini analia wapi? Nyirasafari alikimbilia kwenye viazi, sauti ikafifia. Akakimbilia kwenye vitenge, ikazama kabisa. Nyuma ya soko ni barabara, na malori hayana huruma. Mukandori akaja kumuuliza, wengine wakaja kumwelekeza, wote kwa pamoja, na wema wao ukamfunika mtoto. Hajawahi kuogopa vile maishani mwake.

Akapanda juu ya gunia lake, akapaza sauti kwa Kiswahili chake cha Congo.

"Munyamaze! Bote munyamaze! Sikio yangu moja ilikufa, sijue mutoto iko wapi!"

Soko likanyamaza, safu baada ya safu. Ndipo kila mtu akasikia kilio: Nziza alikuwa barabarani, nyuma ya lori lililokuwa likirudi kinyumenyume. Callixte, fundi cherehani wa mwisho wa safu, akaruka akamnyakua.

Nyirasafari alikuwa ameketi juu ya gunia, mtoto kifuani, simu ilipoita. Alikuwa Umuhire. Watu wa Mahoko hawalazi habari. Mmoja alikwisha kumpigia.

"Mama, ni kweli?"

Watu walikuwa wameanza tena kusema, wakimpa pole, wakimsifu Callixte, wakimuuliza ni sikio lipi. Aliibana simu kwenye sikio la kulia. Akasikia "mtoto", akasikia "Jumamosi", mengine yakapotea katika makelele. Akamkumbatia Nziza kwa nguvu, asithubutu kumwomba binti yake arudie.