Sanamu Kwenye Kitanda cha Kamba

Niliizungushia sanamu shuka nyeupe kwa kuogopa chumvi ya bahari, na kwa kuogopa zaidi macho ya watu. Sanamu zangu za shaba nyeusi zimesimama kwenye bustani za mjini na nyua za wenye nafasi, lakini kwetu Rufiji anayetengeneza umbo la binadamu huulizwa mara moja kama siku ya Kiyama ataweza kulipulizia roho.

Hii ilikuwa ya mwanamke mwembamba aliyesimama, shingo juu, akiamia ndege wasile mpunga. Iliagizwa na mwenye nyumba ya wageni kule Mbuchi. Tulipoishusha kutoka kwenye boti, wachukuzi wangu wawili waliilaza juu ya kitanda cha kamba, tukaanza kupanda kijijini, kimya kwa uzito wake.

Sikufikiria, mjinga mimi. Mwanamume mmoja aliacha kushona wavu, akamgusa mchukuzi begani, akapokea upande wake wa kitanda. Wa pili akafuata. Punde walikuwa kumi, wanapokezana, wanasoma shahada kwa sauti ya chini, na kitanda kikashika njia ya msikitini.

Wamebeba sanamu huku wanamtaja Mungu. Wakijua, watanifanya nini? Mzee aliyekuwa mbele akanigeukia.

"Pole, mwanangu. Nani wako?"

"Mama," nikasema.

Sijui lilinitokaje. Pengine kwa sababu shingo ile ni ya mama yangu, na kusimama kule ni kwake. Ila mama alikuwa hai, nyumbani Nyamwage, na mimi nimemuua kwa neno moja ili ninusurike. Wakaanza kumwombea rehema. Niliingiwa na hofu kubwa kuliko ya kupigwa: kwamba neno langu litatimia. Tulipofika msikitini, imamu alikuwa ameshatoka na watu wanajipanga safu.

"Si maiti," nikasema. "Ni sanamu. Mama yangu yu hai."

Hakuna aliyeitupa. Waliishusha polepole, wakarudi nyuma. Mzee akaniuliza kama nina simu.

"Mpigie," akasema. "Tuhakikishe."

Nilikosea namba, nikaanza upya. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, na watu wote wale, waliokuwa tayari kumswalia, wakasimama nami kusikiliza ikiita.