Upande wa Nne

Fundi wa jirani hapa Kitale anapiga pasi ya makaa. Harufu ya kitambaa chenye unyevu inanirudisha Kamukuywa, kwenye ukumbi wa kanisa, ambako akina mama wa kikundi walishona blanketi la viraka.

Kila mmoja alileta kipande cha gauni lake kuukuu. Mama alikuwa amesafiri kutafuta kazi, basi nyanya yangu akaleta cha gauni la Mama, chenye maua ya zambarau. Walikishona pande tatu, wakaacha mmoja.

"Na huku?" niliuliza.

"Hapo atamaliza mwenyewe akiludi," mwenyekiti wao alinijibu.

"Na asiporudi?"

"Ati asiludi? Sasa wewe tumpe nani, na vile unakula?"

Wote walicheka, isipokuwa nyanya, aliyekuwa akitafuta uzi ambao ulikuwa mkononi mwake.

Blanketi hilo liko kitandani mwangu. Upande wa nne bado uko wazi. Kushona najua, na sindano ninayo. Lakini siku za baridi kama leo, natia mkono chini ya kile kiraka na kuuacha humo mpaka upate joto.