Tuliokaa Nyuma ya Shuka

Harufu ya sambaza, dagaa wa ziwa letu, waliokauka ikinipitia puani, hata leo, naona shuka jeupe likipepea. Tulikuwa tunatazama sinema nyuma ya stoo ya samaki ya Mzee Shabani, hapa Kamembe, na waliokuwepo niwataje mapema nisije nikamsahau mtu. Upande wa mbele alikaa Mzee Shabani mwenyewe, mwenye uwanja, na mdogo wake Yusufu, aliyeendesha mashine na kutueleza filamu kwa Kiswahili. Karibu nao alikaa baba yangu, Papa Idi, fundi cherehani, ambaye ndiye aliyelishona lile shuka kwa vipande viwili vya merikani. Upande wa nyuma, juu ya mikeka, tulikaa sisi: mama yangu Zaina, shangazi yangu Mwamini, rafiki yangu Feza ambaye wazazi wake walitoka Bukavu kufanya biashara, na mimi, Aziza. Mtaa ulipanga hivyo, wanaume na vijana mbele, wanawake na wasichana nyuma, shuka katikati, na hakuna aliyetuuliza kama tunapenda. Lakini mwanga ulipenya kitambaa, na picha tuliiona kama wao walivyoiona, ila mshono wa baba uliwapita samurai wote, wale wapigana panga wa Kijaponi, katikati ya tumbo kama mkanda wa pili.

Mimi nilizaliwa mtu wa mkono wa kushoto. Shuleni nilipigwa vidole mpaka nikaacha kwenda, na nyumbani shangazi Mwamini alinifunga mkono huo kwa kipande cha kitenge tangu asubuhi, ati usahau kazi yake. Haukusahau hata siku moja. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, kukata nguo kwenye meza ya baba. Naye alikuwa amesema wazi: mwezi wa kufunga ukifika, nguo za sikukuu ya Idi zikianza kukatwa, kama mkono wa kuume bado haujajua mikasi, nitapelekwa Bugarama kwa ndugu zetu nikafukuze ndege kwenye mpunga. Nilijaribu. Vitambaa nilivyokata kwa kuume vilikuwa kama vimetafunwa na mbuzi. Baba alivitazama, akavikunja, na kule kukunja kulinitisha kuliko kelele za shangazi.

Basi katika mvua za mwaka ule Mzee Shabani akaanza kuleta filamu za samurai kutoka ng'ambo ya mto Rusizi. Watu wakishasali magharibi, mashine ilianza kunguruma na kutoa harufu ya vumbi lililoungua. Kijaponi hakuna aliyekijua, hata Yusufu, lakini yeye hakukosa la kusema. "Sikilizeni! Uyu anasema: weye ulitukana baba yangu, simama sasa!" Mama yangu akajibu kutoka nyuma, "Yusufu, acha bongo, acha uongo! Ule mzee alisalimia tu!" Tulicheka sana. Mimi nilicheka mpaka nikaona jambo lililonikata kicheko. Kila samurai alivaa upanga kwenye kiuno cha kuume na kuuchomoa kwa mkono wa kushoto. Wote! Wakubwa kwa wadogo, watu wa heshima zao wanaoinamiwa mpaka chini. Nikakifungua kile kitenge kwa meno. Shangazi akanishika bega, "Aziza, rudisha kitambaa." Nikamwambia, nikiwaelekezea samurai kidole, "Shangazi, enda ufunge bale kwanza." Wanawake wakaangua kicheko, na shangazi mwenyewe akauma mtandio wake asionekane akicheka.

Asubuhi nilimwambia baba. Akasema bila kuinua macho, "Bale bantu banashika na mukono ya kuume. Nilibaona na macho yangu." Nikasema, "Na mimi nilibaona na yangu." Ikawa ugomvi wa mtaa. Kisimani wanawake walisema kushoto, msikitini wanaume walisema kuume. Baba akamwita dada yake, akijua huyo hatanitetea. Shangazi Mwamini alisimama mlangoni, akavuta mtandio, akasema, "Kushoto, Papa Idi. Sipendi kusema, lakini siwezi kudanganya." Feza, ambaye alisoma shule, alikuwa akilalamika siku zote kwamba kile Kifaransa kilichoandikwa chini ya picha kinatembea kinyumenyume. Hatukumsikiliza. Tulidhani Wajaponi ndivyo wanavyoandika Kifaransa.

Siku ya filamu iliyofuata, samurai walipoanza kukabiliana, baba aliinuka mbele ya wenzake, akalizunguka shuka, akaja kwetu. Huku mitandio inatafutwa, huku watoto wanasogezwa, naye akaketi kwenye mkeka karibu nami. Samurai akachomoa. Kushoto. Baba akashika ncha ya shuka, akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule, kama anavyokagua kitambaa kabla ya kukata. Akasema polepole, "Munaangalia mugongo ya kitambaa. Mbele ni kuume, huku inageuka." Feza akapiga makofi, "Nilisema!" Wanaume wakasikia, wakacheka kwa nguvu. Mmoja akapaza sauti, "Banamuke banaonaka dunia kinyume!"

Niliona Bugarama inanijia. Nikasimama, kimo changu kile kidogo, mwanga uliopenya shuka ukaniangukia usoni, nikapaza sauti wale wa mbele wanisikie. Nikasema, "Papa, ni shuka moja ulishona weye mwenyewe. Na huku vilevile samurai anashinda."

Baba alikaa pale pale kwenye mkeka wetu mpaka filamu ikaisha. Kesho yake nilikuta mikasi imewekwa upande wangu wa kushoto na kitambaa kimegeuzwa, na yeye amehamia ng'ambo ya meza. "Chakula ni kuume," alisema. "Mikasi, shauri yako." Mikasi ile ilitengenezwa kwa ajili ya mkono wa kuume, ikanichubua kidole gumba mpaka kikaota sugu. Lakini mkono wa kanzu niliokata siku ile ulikuwa umenyooka. Bugarama nilikwenda nikiwa bibi harusi, kwa miguu yangu na kwa kupenda kwangu.

Siku hizi mjukuu wangu ananiambia Kamembe hakuna pa kwenda kutazama sinema: kuna simu, kuna kibanda cha mpira, ama uvuke mpaka wa Rusizi ya Kwanza uende Bukavu, ama upande basi la Kigali. Juzi yeye na wenzake wa mtaa wa Gihundwe walionyesha filamu ya samurai kwenye ukuta. Picha safi, haina mshono. Wakaniwekea kiti cha plastiki mstari wa kwanza. "Koko, bibi yetu, kaa hapa, hapa ndipo pa wakubwa." Samurai akachomoa kwa kuume, kila mtu akafurahi. Nikauliza, nyuma ni wapi? Wakacheka, "Koko, ukuta hauna nyuma." Nikainuka nikaenda zangu, na nimewaambia wakinitaka tena watundike shuka. Nitalishona mimi, kwa mkono huu huu.

Kama jina la mtu nimelikosea, ama stoo ile haikuwa ya Mzee Shabani, njooni mnisahihishe, mlango uko wazi. Ila kabla hujafungua mdomo, uniambie kwanza ulikaa upande gani.